Mvuto wa Mbeya, Mvuto wa Iringa

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza kupitia karatasi hii, na usiogope hesabu. Nitakwenda polepole. Nikifika mahali nisipopaelewa nitakuambia, maana sehemu hizo zipo kadhaa, na sitaki ufikiri kwamba ni wewe peke yako uliyeachwa nyuma.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Iringa. Kwenye ukuta wa maabara yetu, pembeni ya kabati la kemikali, nimebandika karatasi niliyoichapa kutoka mtandaoni. Ni jedwali la namba zinazotumika dunia nzima: kasi ya mwanga, chaji ya elektroni, na ile namba inayoandikwa kwa herufi G kubwa, inayosema vitu viwili vyovyote vinavutana kwa kiasi gani, iwe ni dunia na mwezi au wewe na kikombe chako. Wanafunzi huipita karatasi ile kama wanavyopita tangazo la zamu za usafi. Mmoja tu alisimama mbele yake.

Alikuwa binti wa kidato cha sita, anayeishi na mama yake mtaa wa Kihesa. Aliniuliza kwa nini baadhi ya namba zina mkia na nyingine hazina. Mkia aliousema ni zile tarakimu mbili zilizofungwa ndani ya mabano mwishoni. G kubwa inaanza na 6.674, zinafuata tarakimu mbili nyingine, halafu mabano yenye 15. Yeye alikuwa ameshajaribu kuzidisha kwa kumi na tano, kama tunavyofanya kwenye aljebra, na jibu likamshangaza.

Nikamweleza kwamba mabano yale si ya kuzidisha. Hapo wapimaji wanakuambia kwamba tarakimu zao za mwisho zinaweza kupanda au kushuka kwa kiasi hicho, kwa hiyo usiwaamini zaidi ya hapo. Wamepima, kisha wakapima na shaka lao, wakaliandika pembeni. Akarudi kuitazama kasi ya mwanga, ambayo haina mabano yoyote, akauliza kama waliopima mwanga wao huwa hawakosei.

Nikamtolea mfano wa sado. Sokoni kwetu viazi huuzwa kwa sado, lile kopo lililokuwa la rangi. Wauzaji wawili wakiwa na makopo yasiyolingana, watabishana asubuhi nzima. Lakini siku soko lote likikubaliana kwamba kopo hili moja ndilo sado, na mengine yote yafuate hilo, kopo hilo haliwezi tena kupunjwa wala kuzidishwa. Lenyewe ndilo kipimo, na ubishi wote unahamia kwenye viazi. Wataalamu walifanya hivyo kwa kasi ya mwanga. Walikubaliana namba yake iwe ile, basi, na urefu wa mita ukawa unatafutwa kutoka kwenye namba hiyo.

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Nami nilitikisa changu, ingawa kila nikitoa mfano huo hubaki na swali. Lile shaka lilikwenda wapi? Jana kitu hakijulikani sawasawa, leo kinajulikana bila mabano, na kilichotokea katikati ni watu kukaa mezani na kukubaliana. Nikiwa mbele ya darasa naelewa. Nikibaki peke yangu nachanganyikiwa.

Pengine karatasi ile ndiyo iliyomtia hamu. Mwaka huo shule yetu ilitakiwa kupeleka kazi moja tu kwenye maonyesho ya sayansi ya kanda, yaliyopangwa kufanyika Mbeya, na yeye alitaka kwa moyo wote iwe ya kwake. Hakuna msichana wa mchepuo wa fizikia aliyewahi kutuwakilisha. Aliyekuwa akishindana naye ni kundi la wavulana wa biolojia waliofuga sungura na kuwalisha majani ya aina mbalimbali.

Wazo lake lilikuwa zuri, na ningependa ulione vizuri kabla hatujaendelea. Kitabu kinasema kwamba mvuto wa dunia hupungua kadiri unavyopanda juu. Mbeya iko juu kuliko Iringa. Yeye anaishi Iringa, na likizo huenda kwa shangazi yake, fundi cherehani anayekaa mtaa wa Soweto, Mbeya. Kwa hiyo angepima mvuto huku, apime na kule, aonyeshe tofauti. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Unafunga nati nzito kwenye uzi, unauning'iniza, unauacha ubembee, unapima muda wa kwenda na kurudi mara ishirini. Ukijua urefu wa uzi na muda huo, hesabu fupi inakupa namba ya mvuto wa mahali ulipo, ile tunayoiandika kwa g ndogo. Vitabuni huandikwa 9.8.

Alipotoka likizo alikuja maabara kabla hata ya kuvua sweta. Iringa alipata 9.81. Mbeya alipata 9.72. Mbeya juu, mvuto mdogo, kama kitabu kinavyosema. Nilifurahi kuliko yeye. Nikaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kumpa habari.

Mkuu wetu alifundisha historia zamani, na ni mtu wa Rungwe anayejivunia kwao. Kesho yake mstarini alisimama mbele ya shule nzima akatangaza kwamba binti yetu amegundua jambo. "Sasa mmejua kwa nini sisi watu wa Mbeya tunapanda milima bila kuhema," alisema. "Kwetu mvuto ni mdogo. Nyinyi Wahehe wa hapa Iringa mnavutwa sana chini, ndiyo maana mnachelewa kufika shule." Watoto walicheka mpaka mistari ikaharibika. Wavulana wa sungura walizomea kidogo, kisha wakacheka na wao. Binti alikuwa akitazama viatu vyake, lakini nilimwona anatabasamu.

Jioni ile, nikiwa nasubiri maji ya ugali yachemke, nikaona nipige hesabu ili nimwandalie maelezo ya kuwaambia majaji. Kati ya miji hii miwili kimo kinatofautiana kwa mita mia moja na hamsini hivi. Mita hizo zinapaswa kupunguza mvuto kwa kiasi gani? Nikapata kwamba tofauti haifiki hata moja ya elfu. Yaani kama Iringa ni 9.781, Mbeya nayo ni 9.78 na kitu. Ya binti ilikuwa sehemu tisa za mia. Ilikuwa kubwa mno, karibu mara mia mbili ya ile inayotakiwa.

Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma, na naomba uumwe pamoja nami kidogo. Binti alikuwa amepata jibu linaloelekea upande sahihi. Mbeya kweli ina mvuto mdogo kuliko Iringa. Alichosema ni kweli. Lakini kipimo chake hakikuwa kimekiona kile alichokisema. Inawezekanaje mtu aseme kweli, tena baada ya kupima, halafu iwe hajui?

Siku iliyofuata nilifunga madirisha ya maabara, maana upepo wa Iringa unaujua, nikapima mwenyewe kwa uzi wa mita moja. Nikapata 9.85. Nikarudia palepale, uzi uleule, nikapata 9.71. Nikarudia tena, 9.79. Nilikuwa nimesimama mahali pamoja, na ndani ya saa moja nilikuwa nimepata Mbeya, Iringa na miji mingine ambayo haijajengwa. Ukifikiri unaona sababu. Uzi wa mita moja huchukua kama sekunde arobaini kubembea mara ishirini. Kidole changu kikichelewa kubonyeza saa ya simu kwa robo ya sekunde tu, namba ya mvuto inaruka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tofauti nzima ya binti ilikuwa ndogo kuliko uzembe wa kidole kimoja.

Nilimwita. Sikutaka kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba amekosea. Nikamwomba tu anisimulie Mbeya alipima vipi, kuanzia alipofunga uzi.

Alisimulia bila kuficha. Aliufunga kwenye kenchi ya paa, sebuleni kwa shangazi. Urefu aliupima kwa tepu ya kushonea ya shangazi, ile ya kitambaa. Shangazi alishika simu, yeye akahesabu kwa sauti. Mara ya kwanza walipata 9.83. Akaona haiwezekani, akaifuta. Wakarudia, ikaja 9.80, akaifuta na hiyo. Iliyokuja chini akaiweka.

"Kwa nini ulizifuta zile za juu?" nikamuuliza.

"Zilikataa, madam."

"Na ya 9.72, ulijuaje kwamba hiyo imekubali?"

Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua fizikia. "Si kitabu kinasema Mbeya ni ndogo?"

Unajua, wanafunzi wetu wana neno, kupika. Mtu analijua jibu la kitabuni, basi anakaa chini ya mti na kalamu na kuandika vipimo vinavyofika pale bila kugusa uzi. Huyu hakupika. Alipima kila kimoja kwa mkono wake. Alichofanya ni kuwa mkali kwa vipimo vilivyopingana na kitabu na mpole kwa vilivyokubaliana nacho. Na zaidi ya hayo ilikuwepo tepu ya shangazi, iliyovutwa viunoni mwa wateja kwa miaka mingi. Tepu iliyolegea inasoma pungufu, na urefu ukisomwa pungufu, mvuto nao unatoka pungufu. Aliniuliza ile 9.72 ilitokana na tepu au na kufuta kwake. Nikamwambia sijui. Pengine vyote viwili, na sina njia ya kuvitenganisha.

Ndipo nikamrudisha kwenye karatasi ya ukutani, kwenye G kubwa. Nilimwambia jambo ambalo huwa siwaambii wanafunzi mapema, kwa sababu linatisha. Watu wamekuwa wakiipima G kwa zaidi ya miaka mia mbili, wenye maabara za chini ya ardhi na vyuma vizito vilivyoning'inizwa kwa nyuzi nyembamba, na bado ni miongoni mwa namba zinazojulikana kwa tarakimu chache kuliko nyingine. Na si hivyo tu. Maabara moja hupata namba na kuandika shaka lake. Nyingine hupata namba tofauti na kuandika shaka lake. Ukiziweka pamoja unakuta zimepishana kuliko mashaka yao yote mawili yanavyoruhusu. Kila mmoja ni mwaminifu, na hawakubaliani. Mahali fulani pana tepu ya shangazi ambayo hakuna aliyeiona.

Akauliza, "Kwa hiyo na wao hawajui?"

Nikaanza kujibu kwamba wanajua, ila kwa kiasi. Kama mabano yanasema kiasi cha kutojua, na mabano yenyewe yanaweza kukosea, basi nani anayapima mabano? Nilimwambia tutaendelea kesho.

Kesho yake alikuja na uamuzi. Angepima upya kote kuwili kabla mkuu hajatuma jina, lakini safari hii asijue jibu linakoelekea. Tulipanga hivi. Mbeya, shangazi angekata uzi wa urefu anaoupenda yeye, aupime kwa tepu ya chuma, na asimwambie binti. Binti angepima muda tu, kila kipimo kiandikwe, kisifutwe hata kimoja. Bila urefu huwezi kupata mvuto, kwa hiyo hangeweza kujua kama namba imekubali au imekataa. Ni mpaka amalize ndipo angeambiwa urefu. Iringa mimi ndiye ningekata uzi.

Tepu ya chuma tuliinunua mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba yake alizaliwa mtaa uleule. Binti alimwomba atoe tepu mbili azilinganishe, na zikapishana kwa kiasi cha unene wa kucha. Akamuuliza ipi ni sahihi. Mzee akavaa miwani, akazitazama, akasema kwamba nyumba nyingi za Iringa zimejengwa kwa tepu hizo na hazijaanguka, kwa hiyo mwanangu chagua rangi unayoipenda. Tukachukua ya njano.

Likizo fupi ilipofika nilimsindikiza mpaka Ipogolo akapanda basi la Mbeya na tepu yake. Siku alizokuwa kule shangazi alinipigia simu mara moja kulalamika, kwa sauti ya kucheka, kwamba mtoto anambembeleza amwambie urefu wa uzi na yeye amekataa katakata, hata chai amemnyima mpaka amalize kuhesabu.

Aliporudi akapima na Iringa, kwa uzi niliokata mimi, kisha tukakaa maabara, tukafungua namba. Mbeya ilitoka 9.79, na kwa kuangalia vipimo vyote vilivyotawanyika tukakadiria shaka la 0.04 juu au chini. Iringa ilitoka 9.77, na shaka lilelile.

Ilikuwa kinyume. Mbeya sasa ndiyo kubwa.

Binti alizipiga hesabu upya, zikatoka vilevile. Kazi ya kwanza, iliyokuwa mbovu, ilikubaliana na kitabu. Ya pili, aliyoifanya kwa uangalifu wote, ilikipinga. Machozi yalimlenga, na mimi nilimwelewa, kwa sababu hata mimi sikuona haki yoyote hapo. Nilichoweza ni kumchorea mistari miwili ubaoni, mmoja wa Mbeya kuanzia 9.75 mpaka 9.83, mwingine wa Iringa kuanzia 9.73 mpaka 9.81. Ilikuwa imelaliana karibu yote. Nikamwambia kwamba namba zake hazisemi Mbeya ni kubwa. Hazisemi ni ndogo pia. Zinasema uzi huu hauoni tofauti ya miji hii.

Tulikwenda kwa mkuu pamoja. Alimtaka binti aseme kwa kifupi, kwa sababu alikuwa na wageni wa bodi.

"Mkuu, nilichotangaziwa mstarini siwezi kukitetea. Mbeya na Iringa sijaona tofauti."

"Yaani hakuna tofauti?"

"Ipo. Ila mimi sijaiona."

Mkuu akanigeukia mimi. "Mwalimu, huyu mtoto anasema nini?"

Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kujikunja. Mwishowe akasimama, akasema tumwonyeshe huo uzi wenyewe, wageni watasubiri. Maabara alivua koti, akashika simu, akabonyeza kwa nguvu kama anayepiga muhuri. Akapata 9.5. Akasema hakuwa tayari. Akarudia, 10.1. Akarudia tena, 9.6. Akaitazama nati ikibembea, akaitazama simu, akauliza kama simu ni nzima. Binti akamjibu kwa adabu kwamba ni yake mwenyewe mkuu. Mkuu akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakaa kwenye kigoda cha maabara.

"Nimekuamini," alisema. "Huwezi kuona tofauti. Hata mimi sijaiona. Lakini nikupeleke Mbeya, mbele ya majaji, ukawaambie hujaona? Sungura wanaonekana, mwanangu."

Basi wakaenda sungura. Jina lao lilitumwa wiki hiyohiyo, na mkuu, kwa uungwana wake, alisimama mstarini akasema ile habari ya Mbeya na Iringa bado inachunguzwa. Mimi nilijiandaa kumfariji binti. Nilikuwa na maneno mazuri kuhusu uaminifu, na nadhani yangemchosha.

Alikuja baada ya vipindi, hakukaa. Alitaka kujua kama bwalo la chakula lina kenchi imara, na kutoka kwenye kenchi mpaka sakafuni ni mita ngapi. Nikamwambia nne na zaidi. Akaniuliza uzi ukiwa wa mita nne, shaka litapungua kwa kiasi gani. Tukakaa tukapiga hesabu hiyo kabla ya kupima chochote. Shaka la muda lilipungua kwa nusu, la urefu kwa robo tatu. Bado ilikuwa mbali. Akaendelea kuhesabu mwenyewe, akakuta kwamba ili aione tofauti ya Mbeya na Iringa nati ingepaswa kubembea zaidi ya saa mbili bila kusimama, na uzi usirefuke hata kwa unene wa unywele. Alinuna, kisha akaandika namba hiyo na kuipigia mstari chini.

Hajaiona tofauti mpaka leo. Mimi nami sijamjibu ni nani anayepima mabano, na lile shaka la kasi ya mwanga bado sijui lilikwenda wapi. Lakini nimeona jinsi anavyoanza kazi sasa, na hilo naweza kukufundisha hata nikiwa nimechanganyikiwa. Tafuta rula, na uchague mlango mmoja nyumbani kwako. Kabla hujaupima, andika unadhani utakosea kwa milimita ngapi. Kisha upime upana wake mara tano, ukianza upya kila mara, uandike zote tano, na usifute hata moja.